Shajara ya mradi: bomba limefungwa, maji yanatoka wapi?

3 Februari

Tumefungua daftari jipya la mradi leo, na msimamizi wangu ameniruhusu niandike nakala yake ya Kiswahili hapa, ili hata wasio watu wa maabara wafuatilie.

Swali la mradi sikulitoa kitabuni. Lilitoka kwa mjomba wangu, mkulima wa minazi huko Pangani. Miaka miwili iliyopita alikutwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika mifupani. Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa korodani, kipimo chake cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kikashuka, maumivu ya mgongo yakatulia, akarudi shambani. Mwishoni mwa mwaka jana PSA ikaanza kupanda tena. Alinipigia simu, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza: "Mpwa wangu, bomba wamelifunga, lakini magugu bado mabichi. Hayo maji yanatoka wapi?"

Bomba analolisema ni testosteroni, homoni ya kiume inayotoka hasa kwenye korodani. Mwaka 1941 huko Chicago, Charles Huggins alionyesha kwamba mwanaume mwenye saratani hii akiondolewa chanzo cha homoni hiyo, ugonjwa hurudi nyuma. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na matibabu ya leo, ya kisu na ya sindano, bado yanasimama juu yake. Wagonjwa wengi hupata nafuu. Kisha, kwa aliyefikia hatua ya mjomba, ugonjwa karibu kila mara hurudi.

Chemchemi za maji hayo ni zaidi ya moja. Tezi zilizo juu ya figo hutoa kidogo androjeni, yaani homoni za kiume za jamii ya testosteroni. Uvimbe wenyewe unaweza kujitengenezea. Kipokezi cha androjeni ndani ya seli, yaani protini inayoishika homoni, kinaweza kuongezeka idadi au kubadilika umbo. Sisi tunafuata chemchemi moja tu: vichocheo vya ukuaji, yaani protini ndogo ambazo seli huzitoa na seli jirani huzipokea kama amri ya kugawanyika, kutulia au kufa. Tutazinyima seli za saratani homoni, tuzipe vichocheo hivyo kimoja kimoja, tuzihesabu. Basi. Ni mradi mdogo, na majibu mengi wakubwa walishayapata. Ila nataka kuyaona kwa macho yangu kabla sijamjibu mzee.

6 Februari

Seli zimetolewa leo asubuhi kwenye naitrojeni ya kimiminika, zilikokuwa zimegandishwa. Tuna aina mbili.

LNCaP ilianzia taasisi ya Roswell Park, Buffalo, Marekani, mwaka 1977, kutoka kwenye tezi ya limfu ya mgonjwa mwenye umri wa miaka 50. Bado inasikia androjeni na bado inatoa PSA, kwa hiyo ndiyo inayofanana na ugonjwa wa mjomba kabla ya upasuaji. Chakula chake kinaitwa RPMI 1640, na herufi hizo nne ni kifupi cha jina la taasisi ileile ya Roswell Park ambako seli hizi zilizaliwa. Nimekuwa nikiandika RPMI kwenye chupa kwa miaka mitatu bila kujua.

PC-3 ilitolewa kwenye saratani iliyokwisha hamia mfupani. Haina kipokezi cha androjeni kinachofanya kazi. Umpe homoni, usimpe, kwake ni mamoja.

Jambo moja naliandika mapema, maana litarudi: aina zote mbili zilitoka kwa wanaume weupe wa Marekani. Wanaume wenye asili ya Afrika ndio wanaoathirika zaidi na saratani hii, lakini ninachootesha hapa Dar es Salaam si mwili wa watu wetu.

11 Februari

LNCaP zimeondoka na maji. Zinashika sakafu ya chupa kwa udhaifu mno. Nilimwaga chakula cha zamani kwa haraka na nusu ya seli zikafuata. Mtaalamu wetu wa maabara aliniangalia akasema, "Dada, hizi si PC-3, hizi zinataka mkono wa kumwogesha mtoto mchanga." Tumeagiza trei zilizopakwa polilaisini ili zipate pa kushikilia.

17 Februari

Siku ya kusoma, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu leo nimebadilisha fikra niliyoingia nayo.

Nilidhani testosteroni inaingia kwenye seli ya tezi dume, inaiamuru ikue, seli inakua. Sehemu ya kwanza ni kweli. Testosteroni ikiingia kwenye tezi hubadilishwa na kimeng'enya kuwa dihidrotestosteroni, ambayo hukishika kipokezi kwa nguvu zaidi. Swali ni kipokezi cha nani.

Tezi dume ina watu wa aina mbili ndani ya nyumba. Kuna epithelia, seli zinazopanga ukuta wa vijifereji na kutoa majimaji ya shahawa, na hizo ndizo zinazogeuka saratani. Nyuma yao kuna stroma: misuli laini na seli za kiunganishi ambazo wengi tunazichukulia kama ufito na udongo wa kushikilia ukuta. Gerald Cunha na wenzake wa California walichukua panya wa aina ambayo kipokezi chao cha androjeni kimeharibika tangu kuzaliwa. Wakachanganya epithelia ya panya hao na stroma changa ya panya wenye kipokezi kizima, wakaipandikiza, wakaipa androjeni. Tezi dume ikachipua. Epithelia haikuwa na sikio la kusikia homoni, lakini iliota. Walipogeuza, epithelia nzima juu ya stroma isiyosikia, hakikuota kitu.

Maana yake ni kwamba wakati tezi inajengwa, homoni huongea na stroma, na stroma ndiyo inayoipelekea epithelia ujumbe. Ujumbe huo ni vichocheo vya ukuaji: FGF-7, FGF-10, IGF-1 na wenzao. Panya aliyezaliwa bila jeni ya FGF-10 hapati tezi dume ya kawaida, hata homoni ikiwepo.

Kuna jaribio jingine la kundi hilohilo ambalo limeniganda kichwani. Waliweka epithelia ya kibofu cha mkojo, tena ya panya mkubwa, juu ya stroma changa ya eneo la tezi dume. Epithelia ya kibofu ikaanza kuwa tezi dume. Jirani ana nguvu kiasi hicho.

Kwa hiyo jaribio letu lina pengo ambalo sikuliona tarehe 3: ndani ya trei zetu hakuna jirani. Tuna epithelia peke yake kwenye plastiki. Nimemwandikia msimamizi kuomba tuongeze sehemu ya pili, stroma ya wagonjwa wetu. Wanaume wanaofanyiwa upasuaji wa kukwangua tezi iliyovimba huacha vipande vya nyama ambavyo, sehemu yake ikishapimwa, vinavyobaki hutupwa. Vipande hivyo vina stroma tele. Itahitaji kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya kila mgonjwa. Fomu nimeanza kuijaza usiku huu.

24 Februari

Mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, inayotunza asidi ya chakula cha seli, uliisha Jumamosi usiku bila mtu kujua. Nilipofungua inkubeta, kabati la joto la kuoteshea seli, chakula chote kilikuwa kimegeuka rangi kutoka wekundu kuelekea zambarau, ishara kwamba asidi imepungua. PC-3 zimestahimili. LNCaP tumezitupa zote, tumeyeyusha kichupa kingine. Wiki moja imekwenda. Sasa kuna karatasi mlangoni ya kusaini kila Ijumaa baada ya kusoma geji.

7 Machi

Jaribio la kwanza kamili la LNCaP. Siku mbili za njaa kwenye seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) iliyochujwa kwa mkaa, kwa sababu mkaa hunyonya homoni za steroidi, androjeni zikiwemo, kisha siku tano za matibabu kwa dozi tofauti za R1881, androjeni ya kutengenezwa ambayo seli haziwezi kuivunja kwa urahisi. Nilitaka tu kuthibitisha kwamba seli zetu ni zenyewe kabla ya kugusa vichocheo.

Dozi ndogo iliongeza seli. Dozi ya kati iliongeza zaidi. Dozi kubwa ikashusha, zikabaki karibu sawa na zisizopewa kitu. Nilidhani nimekosea kuzimua. Nikarudia kuzimua, nikahesabu tena chini ya hadubini kwa tripani bluu, rangi inayotenga seli zilizokufa na zilizo hai: vilevile. Msimamizi alipoona mchoro wangu wenye umbo la kilima alifurahi. "Hiyo ndiyo LNCaP. Ingepanda moja kwa moja ningekuuliza umeotesha nini." Androjeni ikizidi, seli hizi huacha kugawanyika huku zikiendelea kutoa PSA, kana kwamba zimekumbuka kazi yao ya utu uzima. Huko hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, wamefika hadi kulijaribu wazo hili kwa wagonjwa maalumu chini ya uangalizi mkali, kupandisha na kushusha testosteroni kwa zamu. Asitokee mtu akamnunulia mzee wake testosteroni dukani kwa kusoma hapa. Kwa mgonjwa wa kawaida inaweza kuuchochea ugonjwa.

Kasoro imeonekana upande wa visima (vishimo vya trei) vya ulinganisho, vile visivyopewa homoni. Vilikua zaidi ya tulivyotegemea. Tumekaa tukiwaza, tukalifikia: rangi nyekundu ya kwenye chakula. Fenoli nyekundu huwekwa ili ituonyeshe hali ya asidi, ndiyo iliyotuamsha siku ya mtungi, lakini pia ina tabia hafifu ya kuiga estrojeni. Na LNCaP ina kasoro moja kwenye kipokezi chake cha androjeni, herufi moja tu ya jeni, inayokifanya kikubali wageni: estrojeni, projesteroni, hata flutamidi, dawa iliyotengenezwa kukizuia. Kasoro za namna hii zipo pia kwa wagonjwa, na ni sababu mojawapo kwa nini baadhi yao PSA ilishuka walipoachishwa dawa ya aina hiyo badala ya kuendelea nayo.

Tumeagiza RPMI isiyo na rangi.

21 Machi

Chakula kisicho na rangi kimefika. Kinaonekana kama maji matupu, na mara mbili nimekaribia kukimwaga.

Leo ndiyo siku ya vichocheo vyenyewe. Tulianza na EGF, ambacho historia yake naipenda. Stanley Cohen alikipata kwenye tezi za mate za panya: alipowadunga watoto wa panya, macho yao yalifunguka siku kadhaa kabla ya wakati. Mnyororo wa asidi amino 53 tu unaharakisha kope kufunguka. Yeye na Rita Levi-Montalcini walipewa Nobel mwaka 1986. Majimaji ya tezi dume ya binadamu yana EGF kwa wingi, kwa hiyo si mgeni humo.

LNCaP zilizonyimwa homoni kwa siku mbili zilipewa EGF, nanogramu 10 kwa mililita, siku tano. Zimekua. Si kwa kiwango cha dozi nzuri ya R1881, lakini zimezidi ulinganisho waziwazi, kwenye visima vyote vitatu na kwenye marudio yote mawili. Tulipotangulia kuweka gefitinibu, dawa inayozima kipokezi cha EGF, ongezeko likatoweka.

Nilikaa kwenye kiti kwa dakika kadhaa. Bomba limefungwa, mkaa umenyonya homoni, na magugu yako pale, mabichi.

Msimamizi alinionya nisikimbie, na namshukuru. Kwanza, kipimo cha rangi cha MTT kilionyesha ongezeko kubwa kuliko hesabu ya seli. MTT hupima jinsi seli zinavyochoma chakula, si idadi ya vichwa. EGF inaweza kuiamsha seli bila kuigawanya. Tutaripoti hesabu ya vichwa. Pili, mkaa huondoa steroidi, lakini seramu bado ina protini nyingine ambazo hatukuziweka sisi. Kwa hiyo sentensi ya haki ni kwamba EGF imeongeza ukuaji pale ambapo androjeni ni haba mno. Hatujasema imeichukua nafasi yake.

PC-3, kama ilivyotarajiwa, hazikujali R1881. EGF nayo imeongeza kidogo tu. Seli hizi hujitengenezea TGF-alfa, ndugu wa EGF anayeingia mlango uleule, na zimepoteza PTEN, breki ya njia inayobeba amri za vichocheo ndani ya seli. (LNCaP nazo hazina PTEN.) Anayejipikia na ambaye breki yake imekatika, chakula cha jirani kitamwongezea nini?

28 Machi

IGF-1. Peke yake, kwenye LNCaP, haikuonyesha kitu cha kujivunia. Ikiambatana na R1881 kidogo, inasaidia. Tutarudia.

Lakini kuna kitu kuhusu IGF ambacho nadhani kila anayepima PSA angependa kukijua. Tunaizungumzia PSA kama namba kwenye karatasi ya majibu. Yenyewe ni kimeng'enya, mkasi wa protini. Kazi yake ya halali ni kuyeyusha shahawa iliyoganda. Kwenye damu na kwenye tishu, IGF hutembea imefungwa na protini walinzi, na mmoja wao ni IGFBP-3. Mkasi wa PSA unaweza kumkata mlinzi huyo, na IGF ikaachiwa huru. Yaani kile tunachokipima kama moshi kinaweza pia kuwa kinapuliza moto.

Mwaka 1998 utafiti wa madaktari wanaume wa Marekani ulionyesha kwamba waliokuwa na IGF-1 nyingi zaidi kwenye damu walipata saratani hii karibu mara nne ya waliokuwa na kidogo. Tafiti kubwa za baadaye zilikuta uhusiano huo upo, ila ni mdogo zaidi. Na dawa za kuziba kipokezi cha IGF zilipojaribiwa kwa wagonjwa hazikuleta nafuu iliyotarajiwa. Za kuziba kipokezi cha EGF vilevile. Hili linaniuma, maana trei yangu ya tarehe 21 ilionekana nzuri sana. Kwenye trei kuna mlango mmoja na nimeuziba. Mwilini, ukiziba wa EGF, kuna FGF. Ukiziba FGF, kuna mwingine.

2 Aprili

Rafiki yangu muuguzi, aliyesoma sehemu za mwanzo, ameniuliza: kama vichocheo vinakuza tezi, mbona wazee wengi wana tezi kubwa na hawana saratani? Swali zuri, na hata wodini watu huchanganya.

Kuvimba kwa kawaida kwa uzeeni na saratani ni magonjwa mawili, na mara nyingi hayaanzii chumba kimoja. John McNeal aliigawa tezi katika kanda. Uvimbe wa kawaida huanzia kanda ndogo inayozunguka mrija wa mkojo, ndiyo maana mzee anaamka usiku mara tano na mkojo unatoka kwa kukatika. Saratani nyingi huanzia kanda ya nje, nyuma, ambako daktari hufikia kwa kidole, na inaweza kukua muda mrefu bila kumkera mtu. McNeal alidhani uvimbe wa uzeeni ni stroma iliyoamka na kurudia kazi yake ya utotoni ya kuchipusha vijifereji. Kwenye tishu za uvimbe huo FGF-2 na FGF-7 hukutwa zimeongezeka, jambo linalokwenda sambamba na wazo lake. Hapo seli bado zinatii. Amri ndiyo imezidi. Kwenye saratani, utii ndio unaopotea.

TGF-beta inaonyesha upotevu huo vizuri. Kwa epithelia nzima ni amri ya kutulia, na androjeni ikiondolewa ni mojawapo ya zinazoziamuru seli zife. LNCaP haziisikii, kipokezi kina hitilafu. Nimezimwagia kwa siku tano hazikutetereka. Na saratani iliyokwisha kuziba sikio inaweza kuitoa TGF-beta yenyewe kwa wingi, ikailegeza stroma na kuzituliza seli za kinga zinazoizunguka. Mfupa nao umehifadhi TGF-beta na IGF ndani ya mwamba wake, na unapokwanguliwa huziachia. Ninapoandika hivi namfikiria mjomba na mgongo wake.

9 Aprili

Nimempigia mjomba. Nilimwambia bomba kubwa limefungwa kweli na upasuaji haukuwa bure. Nikamwambia maji yanayobaki yanatoka sehemu kadhaa: matone ya homoni kutoka juu ya figo, magugu yaliyojifunza kunywa umande, na majirani wanaoyamwagia bila kujua. Alinyamaza, kisha akauliza, "Hao majirani, mnaweza kuwafungia?" Nikasema tumejaribu mmoja mmoja, wakaletana. Lakini ya matone ya homoni na ya kipokezi zipo dawa, abirateroni na enzalutamidi, na kliniki yake ijayo ni wiki ya tatu ya mwezi. Binti yake atampeleka. Nimemwandikia maswali manne kwenye karatasi ayachukue.

Maabara: trei ya EGF pamoja na bikalutamidi, dawa inayozuia kipokezi cha androjeni, imeanza leo, itahesabiwa Jumatatu mchana. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba EGF, IGF-1 na FGF-7 zinaweza kukiwasha kipokezi cha androjeni chenyewe bila homoni kuwepo, na kwamba dawa ya aina hii inaweza kukizuia. Tukiona EGF inapoteza nguvu mbele ya bikalutamidi, tutajua imepita kwenye kipokezi hicho. Isipopoteza, imepita njia nyingine.

Barua ya kamati ya maadili imefika saa kumi jioni. Tumeruhusiwa vipande kutoka kwa wagonjwa kumi, kila mmoja kwa ridhaa yake ya maandishi, kwa Kiswahili. Daktari wa upasuaji ana mgonjwa wa kwanza Jumatatu, na mzee amekubali tukaongee naye Ijumaa. Nimeosha kisanduku cha barafu, nimeandika namba kwenye vichupa. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji.